Kamba ya Gome la Myombo

Cecilia wa Kasokola amefuga nyuki miaka thelathini, na mpaka leo mizinga yake huifunga kwa kamba za gome la myombo, kama walivyofunga mababu zake. Watu walimcheka. "Dada, kamba za manila zimejaa madukani Mpanda!" Yeye aliendelea kusokota.

Oktoba iliyopita, shemeji yake Fredrick alikuwa anachimba kisima. Alipofika kina cha vimo vya watu wanne, kamba ya manila ya kuvutia udongo, iliyokwisha kulika kwenye ukingo, ilikatika. Ndoo ya udongo ikamwangukia begani, na kamba ikamfuata chini.

"Niko hai!" alilia kutoka shimoni. "Lakini mkono hausogei, na udongo unamomonyoka!"

Jirani akaruka kwenye pikipiki kwenda kutafuta kamba mjini. Kwenda na kurudi ni saa nzima. Cecilia, aliyekuwa hapo kisimani, akachungulia. Ufa ulikuwa umezunguka nusu ya ukuta wa shimo, na bonge likaporomoka mbele ya macho yake. Saa nzima hawakuwa nayo.

Akanyakua shoka, akakimbilia miombo ya mpakani mwa shamba. Alichagua miwili michanga iliyonyooka, akaichuna pande zote, akatoa ganda gumu la nje, akabaki na tepe ndefu za ndani, akarudi nazo kwa watu waliokusanyika kisimani.

"Nyie shikeni ncha! Sokoteni kwenda kulia!"

Antoni, aliyekuwa akivuta udongo juu Fredrick akichimba, alishika ncha akasokota. "Mama, huyu ni mtu, si mzinga."

"Najua."

Cecilia akaitupa kamba juu ya tawi, akaning'inia mwenyewe kuipima. Kiungo kimoja cha kamba kikachomoka, akaanguka chali. Watu wakaguna. Alifungua, akafunga upya, akaning'inia tena. Ikashika.

Wakaishusha. Fredrick akaipitisha kwapani kwa mkono mmoja. Watu sita wakavuta. Katikati ya safari, uzi mmoja kati ya nyuzi tatu za kamba ukakatika, ka!

"Msisimame!" Cecilia akapiga kelele. "Vuteni!"

Kichwa kikatokeza, kisha mabega. Fredrick akalala kwenye majani akilia kama mtoto. Alasiri ile ukuta wa kisima ulianguka wote.

Bega lilipona, ingawa limepinda. Antoni alikuja kujifunza kusokota, na Cecilia akampeleka porini.

"Chuna upande mmoja tu, mti uishi," alimwambia. "Siku ile niliua miwili."