Milioni Moja na Moja

Siku hizi vibao vya namba za mashine vinachongwa na mashine, na hakuna anayevitazama mara mbili. Jirani yangu mchongaji na mkewe, tuliyemwita Bi Hesabu, walikuwa na utaratibu wao humo dukani kwao, ukuta mmoja na kwangu. Mume akishachonga namba kwenye shaba, aliitafutia vigawo kichwani. Mke, upande wa pili wa meza, alitafuta vya namba iliyoandikwa na mteja. Vikilingana, kibao kinatoka. Visipolingana, mtu kakosea, na ugomvi ulinifikia mpaka kwangu.

"Saba inaingia, bwana wee! Umelala?"

"Nitalala saa ngapi na mdomo huo?"

Kisha Bi Hesabu akaanza kupotea. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita mumewe kwa jina la kaka yake marehemu. Binti yao akaja na gari kumchukua, akakae naye mji mwingine.

"Baba, huwezi kumuuguza peke yako."

"Mama yako kichwa chake kizima. Mpe namba yoyote uone."

"Mpe wewe. Akikosa tunaondoka leo hii, na usinililie."

Mzee alitaka kumbeba mkewe kwa swali jepesi. Akachagua milioni moja na moja, kwa kuwa alikwisha kuijaribu kwa kila namba tasa, kuanzia mbili hadi tisini na saba, na hakuna iliyoingia. Vibao vyao vyote vilikuwa vya tarakimu nne, na kwa namba za ukubwa huo, ukifika tisini na saba mikono mitupu, basi, nayo ni tasa. Alisahau kwamba namba kubwa inataka uendelee mbele. Alichongoja ni mkewe aseme tu, "Haigawanyiki."

Bi Hesabu alifumba macho, vidole vikichezacheza gotini.

"Mia moja na moja inaingia."

Mchongaji aliinamisha kichwa. "Mfungie nguo zake," akamwambia binti.

Binti alikuwa na simu mkononi, ingemjibu kabla hajapepesa jicho. Hakuona haja. Nani anahakiki kitu siku hizi?

Gari lilipoondoka, mzee hakutulia. Alichukua chaki akagawanya juu ya meza ya kazi. Mia moja na moja iliingia mara elfu tisa mia tisa na moja, hakikubaki kitu.

"Jirani, alipata!" akanipigia kelele ukutani. "Mimi ndiye niliyekosa!"

Nilimkuta ameshampigia binti, sauti ya simu iko wazi.

"Mrudishe. Jibu lake lilikuwa sahihi."

"Sawa, Baba, kapata. Lakini tangu tutoke huko ananiuliza mimi ni nani."

"Mpe simu."

Tukasikia pumzi, halafu sauti ileile kali ya mezani.

"Nani?"

"Mimi, mume wako."

"Mume wangu yuko kazini saa hizi. Mpigie dukani," akasema Bi Hesabu, na simu ikakatika. Mzee aliendelea kuishika mkononi, amekaa kwenye kiti chake cha kazi.