Vidonge kwenye Droo ya Cherehani

Apolonia alikuwa fundi cherehani pale Ilomba, Mbeya, na kwa sare za shule hakuna aliyemfikia mtaani kwao. Alikuwa Mhehe wa Iringa, aliyeolewa na Asukile, seremala mpole ambaye hata ugomvi wa majirani ulimtia homa. Walikuwa na miaka saba ya ndoa. Mtoto hawakuwa naye.

Mwaka alipotimiza miaka thelathini na mmoja, hedhi ilianza kumpiga chenga. Iliruka mwezi, ikarudi kidogo, ikaruka miwili, kisha ikakata kabisa. Mwanzoni Asukile alifurahi kimoyomoyo, akawa ananunua maziwa kila asubuhi na kuyaweka mezani. Mwezi wa tatu bila damu Apolonia alipima mkojo, kipimo kikaonyesha hana mimba. Maziwa yaliendelea kuja siku mbili tatu, halafu yakakoma.

Kisha likaja joto. Juni, wakati Mbeya nzima inavaa sweta mbilimbili, yeye alitoka jasho mpaka kitambaa alichokuwa anashona kinalowa. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamfika usoni kama mtu aliyeinamia sufuria ya ugali. Wateja walimtazama wakatazamana. Mmoja akamshauri aende akaombewe. Akaenda, na joto likamkuta hukohuko, katikati ya maombi.

Hospitali aliyokwenda walikuwa na utafiti. Walitafuta wanawake wa chini ya miaka arobaini ambao hedhi imekatika kabla ya wakati. Nesi wa utafiti, Zuena, mzaliwa wa Mbeya mjini, alimsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akamtoa damu, na baada ya wiki sita akamtoa tena. Majibu yakawa yaleyale, na daktari akamwita.

"Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote," alimwambia. "Ya kwako yamekwisha mapema sana. Ubongo unatuma homoni ya kuyaamsha, unatuma na kutuma, hakuna yai la kuitika. Damu yako inafanana na ya mama wa miaka hamsini na tano."

"Nimefanya nini, daktari?"

"Hujafanya kitu. Mara nyingi sababu hatuijui. Ndiyo maana tunatafiti."

"Na mtoto?"

Daktari alivua miwani. "Kwa mayai yako mwenyewe, nafasi ni ndogo mno. Sitaki kukudanganya."

Lakini dawa zilikuwepo, akamweleza. Bila homoni zile mifupa yake ingeanza kuwa dhaifu akiwa bado kijana, na moyo nao ungekuwa hatarini. Utafiti ulikuwa unalinganisha aina mbili za vidonge vya kurudisha homoni, na kompyuta ndiyo iliyopanga nani ameze aina ipi. Apolonia akapangiwa vile ambavyo wanawake wengine humeza kupanga uzazi.

"Vidonge vya majira?" aliuliza, akidhani amesikia vibaya.

"Ndivyo," Zuena akajibu. "Ila kwako vina kazi nyingine. Dada, mwambie mumeo leo leo. Akitaka aje, tutamweleza sisi."

Apolonia akaitikia. Hakumwambia. Alificha pakiti kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na zipu, na kila jioni alijipanga kusema. Kila jioni Asukile alirudi na vumbi la mbao kwenye nywele zake zote, akala, akasema, "Tutapata tu, mke wangu," na Apolonia akaondoa vyombo.

Miezi mitatu ikapita. Joto likaondoka. Usingizi ukarudi. Damu nayo ikarudi, kila mwezi kwa tarehe zake. Asukile alipogundua, alimshika mabega yote mawili akacheka kwa sauti.

"Umeona? Umepona!"

Akachukua simu pale pale, akampigia mama yake Chimala. Apolonia alisimama karibu naye akisikia sauti ya mkwewe ikipiga vigelegele upande wa pili. Ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema. Asukile akamgeukia, "Mama anasema hongera." Akajibu, "Mwambie asante."

Juma lililofuata Mama Asukile akaja mwenyewe, na gunia la mchele mpya. Siku ya tatu upindo wa gauni lake ulifumuka. Apolonia alikuwa uani anaanika nguo, kwa hiyo mama akavuta droo ya cherehani kutafuta sindano. Apolonia alipoingia ndani alimkuta ameishika ile pakiti.

"Hivi ni nini?"

"Ni dawa, mama."

"Navijua. Nimevimeza miaka sita baada ya kumzaa kitindamimba wangu. Vyeupe ishirini na kimoja, vya kahawia saba." Akaitupa pakiti juu ya cherehani. "Sisi tunafunga, tunaomba, mwanangu anadhoofika kwa mawazo, kumbe unazuia mwenyewe!"

Asukile, aliyekuwa anapiga randa kibarazani, akaingia. Aliitazama pakiti, akamtazama mkewe.

Hapo Apolonia alitamani jambo ambalo baadaye aliona haya kumsimulia mtu yeyote. Alitamani waamini hivyo hivyo. Kwamba anaweza kuzaa ila hataki. Wangemchukia, lakini wangekuwa wanamchukia mwanamke mzima.

"Sizuii," alisema mwishowe. "Hakuna cha kuzuia."

Akawaeleza yote, akiwa amesimama, kama daktari alivyomweleza. Mama Asukile akakaa taratibu kwenye kiti cha cherehani.

"Na hii damu iliyorudi?"

"Vidonge ndivyo vinaileta, mama. Nikiacha, nayo inaacha."

Tangu siku ile mkwewe hakumkaripia tena, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimsemesha kwa upole kama mtu anayesemesha mgonjwa wodini. Alimnyang'anya ndoo mkononi. Alipoondoka kurudi Chimala alimpa pole, na neno la kumtakia mtoto, ambalo hakuwahi kulikosa miaka saba yote, hakulisema.

Asukile alikwenda naye kliniki. Aliuliza maswali mawili tu. Je, atakufa? Zuena akamwambia hapana. Je, wangekuja mapema ingesaidia? Zuena akasita, akasema huenda, hakuna ajuaye. Walirudi nyumbani kwa miguu, na karibu na mlango Asukile akasimama.

"Mayai siyo kosa lako," Asukile alisema. "Ila ile simu, Apolonia. Uliniacha nimpigie mama yangu, nawe umesimama pale."

Apolonia akatafuta ufunguo mkobani.

Asukile alikaa naye mwaka mmoja na miezi kadhaa, na hakumpandishia sauti hata mara moja. Kisha alianza kwenda Madibira kupaua nyumba za wakulima wa mpunga, na safari zikawa ndefu. Alimweleza mwenyewe, karakanani, akilia na kujifuta kwa mkono wenye unga wa mbao. Kulikuwa na mwanamke huko, na alikuwa na mimba yake.

"Ya miezi mingapi?" Apolonia aliuliza.

"Mitano."

Alimaliza sare alizokuwa amepewa oda, zote, mpaka kifungo cha mwisho. Ndipo akafunga cherehani kwa blanketi na kurudi Iringa kwa mama yake mzazi.

Utafiti hakuuacha. Kila baada ya miezi mitatu alipanda basi kwenda Mbeya, na walipopita Chimala aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mama yake hakuielewa safari hiyo.

"Dawa zenyewe hazikupi mtoto."

"Zinanitunzia mifupa, mama."

"Mifupa ya kumbebea nani?"

Apolonia alitoka nje akakaa huko kitambo. Miezi mitatu ilipotimia, akapanda basi.

Mwaka huu amefanya mahojiano ya mwisho. Zuena, ambaye sasa ana mvi mbili tatu mbele ya mtandio, alikuwa anasoma maswali kwenye kishikwambi.

"Hali ya ndoa. Umeolewa, hujaolewa, mjane, au umeachika?"

Apolonia alifikiri. Ndoa yao ilifungwa kanisani, na kanisani haijavunjwa. Asukile anaishi Madibira, na binti yake ameanza kutembea.

"Soma tena," alisema.

Zuena akasoma tena, polepole.

"Langu halimo, dada."

Zuena aliinua kidole kutoka kwenye kioo. Kisha akaliruka lile swali, akamuuliza kama siku hizi analala vizuri.