Filamu ya Kukaa na Wakwe

Ukifika soko la Tawa ukamwomba Ndolo filamu ya kutazama nyumbani, hatakuuliza kama unapenda mapigano au mapenzi. Atakuuliza utakaa na nani. Ukisema ni wewe na mumeo, mkono wake utaenda kwenye boksi la kushoto. Ukisema ni wewe na watoto, utaenda kwenye la katikati. Lakini ukisema ni wakwe, atavuta pumzi, atajikuna kidevu na kunyamaza kama mtu aliyeitwa ubaoni, maana hapo ndipo ujuzi wake wote ulipo.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na wazazi wa mwenzake. Mama mkwe na mume wa bintiye hawataniani, hawakai kiti kimoja, na wengine hata mkono hawapeani. Sasa wachukue watu hao, wabane kwenye sebule moja, wawashie TV, halafu mwanamke wa kwenye TV aanze kufungua vifungo vya blauzi. Liko boma moja upande huo ambako wakwe waliondoka kabla ya chakula, na chakula chenyewe kilikuwa kuku watatu.

Ndiyo maana duka la Ndolo lilibaki wazi hata baada ya vijana kuanza kupakua muvi kwa simu. Simu ina kila kitu, lakini haimjui mama mkwe wako. Ndolo alitazama kila filamu mara mbili, mwanzo hadi mwisho, na ile aliyoridhika nayo kwa wakwe aliiweka kwenye flashi yake peke yake, akaidondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Tone hilo lilikuwa neno lake. Kwa miaka kumi na miwili halikuwahi kumwaibisha mtu.

Halafu macho yakaanza kumtoroka.

Yalianzia pembeni. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango, kisha akawa hawaoni wateja hadi waongee. Daktari wa macho huko Machakos alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakitarudi, na kwamba dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kama kuchungulia kwenye kipande cha bomba la maji, tena chenye ukungu upande wa pili. Ndolo alificha. Alikuwa na miaka arobaini na minne, jembe halikumpenda, na kazi pekee aliyoijua duniani ilikuwa kutazama. Nani atamwendea kipofu kumuuliza filamu nzuri? Kila asubuhi alifungua kufuli kwa woga, na kila jioni alipolifunga alishukuru kwamba siku imepita bila mtu kugundua.

"Waambie watu," mkewe Kavata alimsihi kila alipomtia matone.

"Nikiwaambia leo, kesho hilo duka ulifanye la kufugia kuku."

Basi akajifunza kusikiliza. Zile filamu zilizotiwa sauti na ma-DJ hazikumsumbua, maana DJ hueleza kila kitu, hadi rangi ya soksi za adui. Lakini watu wa kanisa hawakuzitaka, kwa sababu DJ hana adabu, humtukania mtu mama yake mbele ya watoto. Zile nyingine Ndolo alizisikia mara mbili badala ya kuziona mara mbili. Alisikiliza maneno, milango, pumzi za watu. Alijiambia kwamba uchafu lazima uwe na sauti. Akaendelea kudondosha matone yake mekundu.

Alhamisi moja akaja Kasiva, mama mjane wa huko juu ya mto, mtu wa kwaya, anayeheshimika hadi akipita watu wanapunguza redio.

"Ndolo, Jumamosi wanaleta ntheo ya binti yangu Ndinda."

Ndolo alifurahi kweli. Ntheo ni wale mbuzi ambao upande wa kijana huwaleta kwa kina binti, na wakishafungwa hapo nyumbani, binti ni mke wa watu.

"Wanatoka wapi, mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Kijiji cha Tulia, huko Kitui. Baba yake kijana ni mzee wa kanisa, Mwangangi, na nimeambiwa ni mtu mgumu. Hadi nyama iive ni masaa matatu, na hatujuani. Nataka TV iongee, tusikae kutazamana kama watu wa kesi."

Ndolo alipapasa boksi la kulia, lile la wakwe, akihesabu mpangilio wake hadi kidole kikapata tone alilolitaka. "Chukua hii. Ni ya mzee anasafiri na punda wake, anapeleka kitanda cha marehemu mke wake kwa harusi ya msichana wao. Watu wa Tulia wanajua punda. Wataipenda."

"Na iko sawa? Umeiona yote?"

"Mara mbili," alisema Ndolo, na shingo ikamwasha.

Jumamosi asubuhi, kabla hajamaliza kufagia mlangoni, Wamucii aliingia. Huyu ni mama wa Kikuyu mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, watu humwita Mama Kui kwa jina la kifungua mimba wake. Hakusalimia. Aliigonga flashi kwenye kaunta.

"Ndolo, ulikuwa unaangalia nini?"

"Kuna nini, Mama Kui?"

"Nilikuambia nakaa na watoto na dada wa fellowship. Ukaniambia weka tu. Katikati hapo watu wawili wakatoa nguo zote! Zote, Ndolo! Kui ananiuliza, mami, hawasikii baridi?"

"Lakini hiyo... hiyo hawakusema kitu kibaya."

"Hawakusema hata neno moja! Kwani hiyo kazi inataka maneno?"

Aliondoka akinung'unika kwa Kikikuyu. Ndolo alibaki ameshika ufagio. Hawakusema hata neno moja. Alikuwa akilinda mlango mmoja miezi yote hiyo, na nyumba kumbe ina milango miwili. Ndipo akaikumbuka filamu ya punda.

Kulikuwa na mto. Baada ya daraja na baada ya wanajeshi kuimba, maneno yaliisha kabisa. Ilibaki fidla na maji yanayomwagika, kwa dakika mbili nzima, na katikati ya maji hayo mwanamke alicheka. Mwanamke, maji, kicheko, na hakuna neno. Alikuwa amesikia hivyo mara mbili, mara zote mbili akadhani ni mandhari tu. Sasa alimwona waziwazi huyo mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, amesimama mtoni kama alivyozaliwa, na mzee Mwangangi wa Tulia amemkodolea macho, na Kasiva amekaa kando yake akitamani ardhi immeze.

Alipiga simu ya Kasiva. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita hadi ikakatika. Mwenye wageni hana muda na simu, pengine iko chumbani chini ya mto wa kulalia. Akafunga duka, akakamata pikipiki.

Bodaboda ilimwacha kwenye njia panda, maana kutoka hapo njia ni mawe na ngazi za matuta. Ndolo alishuka kwa kupapasa na nyayo. Mbele alikiona kipande cha njia chenye upana wa sahani, na pembeni hakukuwa na kitu. Alijikwaa mara mbili, mara ya pili akaanguka kwa goti na suruali ikapasuka. Hakujali. Alichojali ni kwamba wageni walikuwa wamefika: alisikia vicheko vya jikoni na harufu ya moshi wa nyama. Kisha akamgonga mbuzi. Mbuzi alilia, na wenzake wawili wakamwitikia. Ndolo alikuwa amejisukumiza katikati ya ntheo yenyewe.

"Ndolo?" Kasiva alitokea mlangoni akifuta mikono kwa leso. "Ni nini? Umeanguka?"

"Mwaitu, ile muvi. Mmeweka?"

"Iko inaenda, wageni wameipenda sana. Ingia usalimie watu."

Kutoka ndani alisikia kengele ya punda, kisha mbao za daraja. Akajua filamu imefika wapi kama mtu anavyojua kitanda chake gizani. Wanajeshi wanakuja, wataimba beti mbili, halafu mto. Zilibaki kama dakika nne.

Angesema nini? Kwamba kuna sehemu mbaya? Mbele ya wakwe, Kasiva angeonekana ameleta uchafu nyumbani siku ya ntheo ya mwanawe. Na yeye mwenyewe, aliyesema ameiona mara mbili, angejitetea vipi? Aliingia akitumaini ataifikia flashi na kuichomoa kama kwa bahati mbaya. Lakini huwezi kuingia kwa wageni wa ntheo ukapita bila kusalimia. Alianza na aliyekuwa karibu, mkono kwa mkono, akifuata sauti. Wanajeshi walianza kuimba. Akaharakisha. Mahali fulani sebule ilinyamaza kidogo, mtu akakohoa, na Ndolo hakuelewa kwa nini. Akaendelea na aliyefuata. Wimbo ukaisha.

Fidla ikaanza.

Ndolo aliacha salamu, akauendea mwanga wa TV kwa hatua tatu, akagonga meza, vikombe vikalia, akajisimamisha mbele ya kioo na kufungua koti lake kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga. Nyuma yake maji yalimwagika.

"Toka hapo mbele," ilisema sauti nzito. Huyo lazima alikuwa Mwangangi.

"Zimeni. Tafadhali, zimeni."

"Ndolo, umekuwaje?" Kasiva alikuwa karibu kulia. "Kuna nini hapo?"

"Sijui."

"Hujui? Si ulisema umeiona mara mbili?"

Mwanamke wa mtoni alicheka. Ndolo alizidi kulitanua koti.

"Niliisikia mara mbili," alisema. "Sioni, mwaitu. Ni karibu mwaka. Nimekuwa nikiwapa watu muvi nikizisikia tu. Hapa hawaongei, na huyo mama anacheka kwa maji, na sijui amevaa nini. Msiangalie. Makosa ni yangu, si ya Mama Ndinda."

Fidla iliendelea. Kisha Ndinda, bibi harusi mwenyewe, ambaye desturi ilimtaka akae kimya siku hiyo, akasema polepole kutoka pembeni ambako koti halikufika.

"Anaosha punda."

"Nini?"

"Amevaa gauni refu na sweta. Anaosha punda. Punda amemrushia maji ndiyo anacheka."

Ndolo alishusha mikono. Filamu ilikuwa safi. Tone lake lilikuwa la haki, na kama angebaki dukani akifagia, leo ingepita kama siku nyingine. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto, na nyuma ya aibu woga ulikuwa palepale, umenenepa zaidi. Sebuleni humo kulikuwa na watu zaidi ya ishirini, nusu wa Tawa. Kabla ya Jumatatu soko lote lingejua.

Kiti kililia, na mtu mzito akamjia. Mkono mkubwa, mkavu, uliutafuta mkono wa Ndolo ukaushika.

"Nilikupa huu mkono saa ile ukaupita," alisema Mwangangi. "Nikasema moyoni, huyu amenidharau mbele ya wakwe zangu. Nilikuwa nimekasirika." Akautikisa. "Habari yako?"

"Nzuri, mzee," alisema Ndolo.

Jumatatu alifungua duka kwa sababu Kavata alimsukuma. Watu walipita. Alisikia hatua zikipungua mlangoni, minong'ono, kisha hatua zikiendelea. Hakuna aliyeingia. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Saa nne akaanza kupanga flashi kwenye katoni, akihesabu matone mekundu kwa kidole gumba, huku akijaribu kuzoea wazo la kuku.

"Ni kweli huoni?"

Ilikuwa sauti ya Wamucii.

"Ni kweli."

"Na ile yangu ya watoto?"

"Sikuiona, Mama Kui. Nilikudanganya."

Ndolo hakuweza kujua kama amesimama, amekaa au anamtazama vipi, na hilo lilimtisha kuliko maneno. Alitoa flashi moja kwenye katoni, akainyoosha mbele yake.

"Hii nimeisikia," alisema. "Ni nzuri sana kwa masikio. Lakini hakuna mtu ameiona."

Mkono ulibaki hewani. Aliufikiria mkono wa mzee Mwangangi, ulivyokaa hivyo mbele ya wakwe, ukisubiri, na sasa akajua ulikuwa mzito kiasi gani. Nje pikipiki ilipita. Bega lilianza kumuuma, lakini hakuushusha.

Flashi ikavutwa taratibu kutoka vidoleni mwake.

"Nitaiangalia peke yangu kwanza, watoto wakiwa shule," alisema Wamucii. "Halafu nitakuja nikuambie."