Kisima cha Nzioka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kitui mjini nimevaa viatu vya harusi vya ndugu yangu. Mkuu wa Msafara alivitazama mpaka nikahisi vinaanza kuyeyuka.

"Wewe, unaenda kuoa ama kutembea siku nne?"

"Mkuu, nitatembea hata nikivunjika miguu yote mitatu."

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ngumbaru, na hesabu ndiyo iliyonisumbua. Akacheka, nikaajiriwa.

Nyinyi vijana mnaotembea mkiongozwa na simu, kazi ya kuongoza wageni porini ilikuwa hivi. Wageni walitaka kufuata njia ya Nzioka, mfungwa wa zamani. Mkoloni alimfunga Kitui kwa kukataa ng'ombe wake wachukuliwe. Akatoroka siku moja wakivunja mawe barabarani, akakata pori kwa miguu hadi karibu na kwao Kathonzweni. Huko akakamatwa, akarudishwa, akafia gerezani. Sisi tulibeba maji na kusoma nyayo, yaani kujua nani amepita na amepita lini. Sheria ya mwendo ilikuwa moja: mchovu hutangulia, mwenye nguvu hufuata, ili asiachwe mtu. Madumu yangu mawili yalikuwa mazito hata punda wa Migwani angeomba likizo.

Mkuu wa Msafara tulimwita Sajini, kwa sababu zamani alikuwa askari wa kufuata nyayo. Maneno yake yalikuwa machache kama mvua yetu.

Katika msafara ule wa kwanza alikuwamo Kalekye, binti ya Nzioka. Baba yake alipokamatwa, yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Mimi sikuja kutalii," alituambia jioni ya kwanza, tukiwa kwenye mchanga wa mto Tiva. "Mjomba wangu Mulwa ndiye alimpa baba chakula siku ile, na ndiye alimuuza kwa askari. Mama yangu alikufa bila kumsalimia ndugu yake. Nataka nifike mlangoni kwake nimuulize usoni."

Sajini alikuwa akikoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Siku mbili zilizofuata tulipanda na kuvuka uwanda wa juu wa Yatta. Jua liliwaka hadi kivuli changu mwenyewe kikaja kujificha chini yangu. Siku ya nne tukavuka mto Athi, na pale kwenye mawe viatu vya harusi vikanisaliti. Nilianguka na dumu likapasuka. Lile lingine lilikuwa limebaki na maji ya kulowesha ulimi tu, na ya Athi yalikuwa matope yasiyonyweka.

Sajini alitaka tuzunguke kupitia barabara ya juu. "Kuna maji huko," alisema, lakini wageni walikuwa wameanza kuyumba. Mimi nikaona chini yetu mkondo mkavu wa mchanga, nikateremka. Nilitafuta mahali penye unyevu, nikachimba urefu wa mkono, nikangoja maji yatulie, nikayateka kwa kibuyu. Wote wakanywa.

Sasa, kwetu ukishakunywa huachi kisima wazi. Unakata matawi ya mgunga yenye miiba, unafunika, mbuzi wasikichafue, na anayekuja nyuma yako akute maji safi. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua jina la babu yake. Nikashika panga.

"Acha wazi!" Sajini alipaza sauti.

"Mkuu! Mama yangu atafufuka anichape."

Hakucheka. Aliketi mchangani, akavua kofia.

"Mwaitu," alimwambia Kalekye. Maana yake ni mama yangu, na ndivyo tunavyomheshimu mwanamke hata akiwa na umri wa binti yako. "Baba yako alitupotea pale Athi. Alitembea ndani ya maji, hatukuona hata kidole. Mzungu wetu alikuwa ameshasema turudi. Tukashuka hapa kutafuta maji ya kunywa, nikakuta kisima kimefunikwa. Miiba mibichi, majani hayajanyauka."

"Eh?"

"Nilikunywa kwanza, mwaitu. Maji yalikuwa safi. Halafu nikajua ni mtu wa kwetu, na amepita asubuhi hiyo. Nikafuata nyayo zake hadi kwa Mulwa. Mulwa tulimpiga atuambie alipojificha, mpaka tukachoka sisi. Hakufungua mdomo. Nyayo ndizo zilizotupeleka, jioni tukampata."

"Na miaka yote hii ukanyamaza?"

"Watu walimlaumu Mulwa. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Kalekye alininyang'anya panga. Alikata matawi mwenyewe, akayapanga juu ya kisima moja baada ya lingine, miiba ikimchoma vidole. Kisha akamgeukia Sajini.

"Inuka. Mchovu hutangulia. Utanipeleka kwa mjomba, na maneno haya utayasema mbele yake."

Sajini akatangulia. Sijawahi kuona mtu akitembea polepole vile.

Mulwa tulimkuta uani, mzee mwenye taya iliyopinda. Sajini alisema yote akiwa amesimama. Mulwa hakumtazama. Alimtazama Kalekye.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa dada yako, mjomba."

"Umechelewa," alisema mzee. "Uji umeshapoa."

Kalekye akaupokea, akaunywa hivyo hivyo, machozi yakidondokea ndani. Sajini hakupewa kiti, akaenda kusimama langoni. Baadaye Kalekye alimpelekea maji pale langoni.

Msafara ule ulikuwa wa mwisho kwa Sajini. Baada yake nilifanya kazi chini ya Meneja aliyependa filimbi kuliko chakula, kisha chini ya Mratibu aliyetuletea dira na maji ya chupa. Magoti yangu yalipokwisha, nikastaafu.

Katika safari yangu ya mwisho niliteremka kwenye mkondo ule, nikachimba, nikanywa, nikaanza kukata miiba. Mgeni mmoja mwenye chupa mkononi akaniuliza, "Mzee, unamfunikia nani, na hapa hakuna mtu?"

Nikamwambia kwamba Nzioka naye hakuona mtu. Alijua tu kuna wanaokuja nyuma, na alijua ni askari. Akafunika.