Mama mkwe amesema ndiyo, lakini mkono wake umekataa

Admin nifichie jina, maana mume wangu na ndugu zake wote wamo humu. Nina miaka thelathini na mbili, kwetu Tabora, nimeolewa huku Kigoma. Tunaishi Rusimbi na watoto wetu wawili, kwenye nyumba ya mama mkwe wangu.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yote yakampotea, likabaki moja tu, "ego", yaani ndiyo kwa Kiha. Ukimuuliza kama anataka uji anajibu ego, huku anasukuma bakuli kwa mkono wa kushoto. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, kwa hiyo nimezoea kuufuata mkono na macho, mdomo nauacha. Asipotaka kitu hufumba macho na kung'ang'ania chochote kilicho karibu naye.

Jumapili shemeji yangu mkubwa alikuja na wadogo zake. Wakamkalisha mama sebuleni, shemeji akamuuliza, "Mama, umekubali nyumba hii tuiuze, wewe ukakae Kagunga kwa shangazi?"

"Ego," mama akajibu. Lakini alikuwa amefumba macho, na khanga yangu aliivuta mpaka nikapiga magoti.

Nikasema, "Shemeji, mama hajakubali. Mwangalieni jamani."

"Tumwangalie nini? Sisi wote tumemsikia kwa masikio yetu."

Nikamgeukia mume wangu. Akainamisha kichwa, akawa anakuna goti. Na anajua! Mara ngapi ameniona nikiondoa chakula ambacho mama amekiitikia ego?

Wenzake walipoondoka akaniambia, "Mama watoto, Jumamosi mwenyekiti wa mtaa anakuja na mnunuzi. Wewe ndiye unayemhudumia mama, utathibitisha kwamba amekubali. Ukiniaibisha tena, rudi kwenu Tabora. Watoto wanabaki."

Nikisema kweli, nawapoteza wanangu, na mama naye namwacha mikononi mwao. Nikinyamaza, anapelekwa Kagunga kwa shangazi ambaye macho yake yameshaingia ukungu. Atakuwa anamsikia ego tu, basi.

Leo asubuhi nikimsuka nilimnong'oneza, "Mama, nikinyamaza utanisamehe?" Safari hii hakuitikia chochote. Aligeuzia uso ukutani, akabaki hivyo mpaka nikamaliza kusuka.

Sili, silali. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, Jumamosi nitamke nini mbele ya mwenyekiti?