Chumvi ya Shangazi Dirishani

Juzi nilimwona karani wa forodha akikigonga kwa kidole kipimo chake cha hali ya hewa, ili mshale upande na mashua iruhusiwe kung'oa nanga. Nikacheka peke yangu, maana niliikumbuka chumvi ya shangazi.

Shangazi aliiweka ndani ya kifuu, kwenye dirisha lililotazama bahari. Wanawake wa mtaani hawakwenda kuokota chaza kabla ya kumuuliza. Chumvi ikiwa kavu, waliondoka na vikapu vyao. Ikilowa, alisema, "Leo upepo na mvua vinakuja. Maji yatawazingira huko kwenye fungu la mchanga, na konyeza, wale viumbe laini wa majini, watawawasha miguu."

Siku moja, nikiwa mtoto, chumvi ilikuwa imelowa, nami nilikuwa nimeahidiwa kwenda nao kwa mara ya kwanza. Niliamini chumvi ndiyo inayoita mvua. Basi nikaimwaga kikaangoni, nikaikausha motoni mpaka ikaanza kurukaruka, nikairudisha dirishani.

Alasiri wanawake walipofika, shangazi aliionja kwa ncha ya ulimi. Akanigeukia.

"Mwanangu, chumvi hii imeanikwa kwenye jua gani, mbona inanuka moshi?"

Hakuna aliyetoka. Kabla muhogo haujaiva jikoni, mvua ilikuwa ikiyapiga makuti na bahari ikinguruma. Tulikula tumebanana, wote wakipewa chumvi isipokuwa mimi.

"Wewe yako umeshaipika," alisema shangazi, na kicheko chao kikaishinda mvua.