Mapigo Manane ya Kumngoja Wanjala

Nakumbuka siku moja pale Bungoma, mwanangu, nilipigiwa makofi mpaka vumbi likapanda ukumbini, na bado nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe umepewa kuimba peke yako katika mchezo wa nyimbo, na tangu upewe, nyumba hii haina utulivu. Unaimba ukiosha vyombo, unaimba ukichuja chai. Sikukatazi. Ila kaa hapa kwanza unisikilize, kwa sababu mimi kikongwe unayeniona sina meno ya mbele niliwahi kuwa na sauti, tena nilijua kwamba ninayo, na taabu ilianzia hapo.

Ilikuwa miaka ile ya arobaini, vita vikubwa vimekwisha na askari wetu wamerudi, wale waliorudi. Nilikuwa yaya kwa mzungu mmoja mkulima nje ya Kitale. Mke wake alikuwa na gramafoni na santuri tele za nyimbo za michezo ya jukwaani huko kwao. Mtu anaongea na mwenzake, moyo unamjaa, maneno ya kawaida yanamshinda, basi anaanza kuimba. Kiingereza changu kilikuwa cha "leta maziwa" na "mtoto amelala", lakini nilikuwa nikipangusa vumbi sebuleni naiga zile sauti. Kuna mama mmoja kwenye santuri zile aliweza kuivuta noti moja ikapanda, ikatetemeka, mpaka ukaogopa atazimia. Huyo ndiye niliyetaka kuwa.

Sasa, palikuwa na mtu aliyeitwa Mwalimu Barasa. Kazi yake hasa ilikuwa ukarani katika ghala la mahindi, ila tulimwita mwalimu kwa kuwa alifundisha kwaya yetu kila Jumapili, kwa zile do, re, mi za misheni. Vitani Burma alikuwa amewekwa katika kundi la askari wa kuwachezea na kuwaimbia wenzao, na huko alijifunza kutunga mchezo mzima wenye nyimbo zake. Mtu mfupi, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mimi nilimwona kama mshamba fulani hivi. Ujana, mwanangu, una macho lakini hauna miwani.

Siku moja memsabu, yule mke wa mzungu, alinipa santuri mbili zilizoanza kupata nyufa, zote za wimbo mmoja, kila moja na mwimbaji wake. Nikampelekea Mwalimu Barasa, maana alikuwa na gramafoni kuukuu ya kuzungusha kwa mkono. Kabla hajaziweka, alizisogeza karibu na macho akasoma ile karatasi ya katikati, akatafuta vijiherufi vidogo vilivyofungiwa ndani ya mabano.

"Mwalimu, jina la mwimbaji si ni hili kubwa?" nikamwambia.

"Hilo nimeona. Natafuta mwenye alitunga. Huyu alikaa peke yake na meza na kalamu, bana, akalia kabla mwingine yeyote hajalia. Wacha nimsalimie kwanza."

Tukazisikiliza. Ya kwanza ilikuwa ya yule mama wangu wa kutetemesha sauti. Ya pili ya mwanamke aliyeimba kama mtu anayekuelezea jambo jikoni, hapandi wala hashuki bila sababu. Mwalimu aliisikiliza ya pili ameinamisha kichwa, ikaisha, akairudia. Mimi moyoni nikasema huyu wa pili hana pumzi. Sikumwambia, adabu nilikuwa nayo kidogo.

Mwaka huohuo Mwalimu alitunga mchezo wake mwenyewe. Ulikuwa wa kijana wa Matulo anayeandikishwa jeshini. Mwanzo wake ulichekesha sana, kuna chifu mwenye kofia kubwa kumzidi, kuna kuruti asiyejua mguu wa kushoto. Mwishoni haikuwa kichekesho tena. Barua ya kifo chake inafika, na mama wa yule kijana anaimba. Wimbo huo wa mama alinipa mimi.

Nikwambie ulikotoka. Mwalimu alikuwa na rafiki vitani, jina lake Wanjala, akafia Burma akazikwa hukohuko. Mwalimu aliporudi alikwenda Matulo kumpa mama yake pole. Alimkuta tayari ameshapata habari. Lakini jioni chakula kilipoiva, yule mama alitoka uani, akasimama akitazama bondeni kuelekea mto Nzoia, akaita kama alivyokuwa akimwita kijana wake enzi za kuchunga: "Wanjala! Ugali umeiva!" Halafu akanyamaza, akangoja muda ule ambao sauti huvuka bonde na jibu kurudi. Jibu halikuja. Akaingia ndani akapakua. Mwalimu akasimama palepale na kofia yake mkononi.

Wimbo ulikuwa huo. Aliomba ruhusa ya mama kabla ya kuutunga, na mama akakubali kwa sharti moja, kwamba siku atakapokuja kuusikia, aukute vilevile alivyoita na kungoja. Katika daftari la Mwalimu, baada ya jina la Wanjala kuitwa, palikuwa peupe. Hapana noti hata moja, nukta tu za kuhesabia mapigo, nane.

"Hapa unaita, halafu unangoja," akaniambia. "Hesabu nane kwa roho yako. Usifanye kitu."

Tuliucheza kwanza Kitale, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa mabati. Nikaimba vizuri, ndiyo, nasema mwenyewe, nilikuwa nayo! Nikaita Wanjala. Nikaanza kungoja. Moja, mbili. Benchi likalia kwi. Mtu akakohoa. Tatu. Nikaona macho yote yananitazama, nikadhani wanasema msichana huyu amesahau maneno. Hofu ikanikamata. Nikafungua mdomo nikaitoa ile noti ya santuri, nikaipandisha, nikaitetemesha, nikaivuta mpaka kifua kikaniwaka.

Mwanangu, watu walisimama! Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakagonga mabenchi. Nilipotoka jukwaani nilikuwa sikanyagi chini.

Mwalimu alinisubiri nyuma ya pazia. "Nekesa, pale ni pa kungoja."

"Lakini Mwalimu, watu wamependa. Si umesikia makofi?"

"Nimesikia. Uliogopa?"

"Siogopi kitu mimi."

Akanitazama kidogo. "Mama Wanjala anakuja tukicheza Bungoma. Tafadhali."

Nikasema sawa. Sawa ya mdomoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa tayari linaelekea kwenye shimo. Tukacheza Kiminini, nikaifanya ile noti ndefu zaidi. Watu wakaanza kuja kwa ajili yake, wananiita "yule wa sauti". Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilimimina mtungi mzima. Nilianza kuona wimbo ule ni wangu, na Mwalimu ni karani tu aliyeniandikia pa kuanzia.

Basi tukafika Bungoma kwa lori la mahindi, nguo zimejaa unga. Ukumbi ulijaa: makarani, wafanyabiashara kutoka Myanga, walimu, watu wa kanisa. Nilichungulia pembeni ya pazia na Mwalimu akanionyesha benchi la mbele. Mama mmoja mwembamba, leso safi, miguu mitupu, mkungu wa ndizi mbivu kati ya magoti. Alikuwa amepanda treni Webuye, safari yake ya kwanza ya treni maishani. Wakati wote wa vichekesho hakucheka. Alikuwa anangoja mahali pake.

Nami nilijua, mwanangu. Hilo ndilo sitaki kukuficha. Ningeweza kukwambia nilisahau, na nani angebisha leo? Lakini sikusahau. Niliita "Wanjala, ugali umeiva," na nikamwona yule mama ameinua uso, shingo imenyooka, anasikiliza. Nikahesabu moja, mbili. Halafu nikawafikiria wale wa Myanga waliotoka mbali kuja kusikia noti yangu. Nikaitoa.

Makofi yakalipuka. Yeye akarudisha uso chini, taratibu, akatazama zile ndizi.

Baadaye alikuja nyuma kutusalimu. Nilimpa mkono kwa heshima, nimeinama, nikingoja sifa, maana nilikuwa nimezoea. Akanikabidhi ule mkungu kwa mikono miwili.

"Asante, mayi," akaniambia, hivyo ndivyo Wabukusu tunavyomwita mama, na hata binti kwa upendo. "Umeimba mzuri sana. Sauti yako iko juu." Akajifunga leso vizuri. "Lakini mtoto yangu hukumngoja."

Hakunikemea. Alisema tu, kama mtu anayekwambia umesahau kufunga mlango. Akaaga, akaenda stesheni. Ningalipigwa kofi ningalipata pa kukasirikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi uchungu huo nilikuwa nimeufanya ngazi ya kupandia.

Mwalimu Barasa alifunga daftari, akalizungushia kamba, akasema mchezo umesimama. Sharti la mama limevunjwa, na wimbo hautaimbwa tena mpaka mwenyewe atakapotoa neno. Kazi yake ya mwaka mzima ikakaa kwenye sanduku kwa sababu ya pumzi zangu.

Wiki ya pili nikaomba ruhusa kwa memsabu, nikadandia lori la mahindi mpaka Webuye, nikatembea hadi Matulo. Nilimkuta anapepeta wimbi, yaani ulezi. Nikaanza kueleza nilichojia, maneno yakanigongana mdomoni.

"Kula kwanza," akasema.

Akanipa ugali wa wimbi na mboga, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza, "Sasa?"

"Nimekuja kukuimbia, mama. Vile ulitaka."

Alinitangulia mpaka mwisho wa uwanja, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mtoni, akasimama. Nami nikasimama kando yake. Nikaimba kwa sauti ya kawaida, ile ninayoongea nayo. Kuku wawili walikuwa wanachakura nyuma yetu. Nikafika pale. Nikaita, "Wanjala! Ugali umeiva!" Nikanyamaza.

Nilihesabu nane. Zikaisha, na yeye bado ameinua uso, basi nikaacha kuhesabu. Sijawahi kukaa kimya namna ile. Hapo kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kulikuwa na kijana. Alikuwa na mguu wake wa kushoto na wa kulia, alipenda ugali wa moto, alitumwa akaenda. Muda wote nikiimba jina lake sikuwahi kufikiri kuna mtu ndani yake. Machozi yakanitoka, nikayaacha. Sikutoa hata mlio.

Tulisimama hivyo, sijui muda gani. Kisha yule mama akashusha pumzi, akanigusa kiwiko.

"Endelea, mayi," akasema. "Sasa ameitwa."

Nikamaliza na sauti imepasuka, vibaya kabisa. Hakunisifu. Aliniambia nimwambie Mwalimu aendelee na mchezo wake, akarudi kwenye wimbi lake maana jua lilikuwa linaondoka.

Tukaucheza tena, Kitale, Kapsokwony, hata Bungoma. Pale mahali palipoachwa wazi niliwangojea wana wa watu, na ukumbi mzima ukangoja nami. Makofi yalipungua. Watu wengine walitoka bila kupiga kofi lolote, wanapangusa macho kwa mikono, wanaharakisha kwenda nyumbani.

Kwa hiyo mwanangu, sauti ni yako, furahi nayo, usione haya. Lakini kabla ya kuimba wimbo wa mtu, mtafute aliyeutunga. Kama yu hai, kaa naye, umuulize ulitoka wapi, kwa kuwa watunzi wakubwa hawatungi hewa, wametazama mtu fulani akiumia au akicheka, na wanakukabidhi mtu huyo umbebe. Kama amekufa, soma kazi yake kwa adabu mpaka umwone yule mtu ndani. Akikuandikia upande, panda, uwape watu koo lako lote. Akikuachia kimya, usikijaze kwa kuogopa kukohoa kwa watu. Waimbaji ninaowaheshimu mpaka leo ni wale walioweza kunifanya niwasahau wakiwa mbele yangu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usitume salamu. Panda lori, nenda mwenyewe, ule utakachopewa, uimbe tena.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akubariki wewe na koo lako. Akupe watunzi wa kweli, akupe wasikilizaji wenye subira, na kila utakayemwita kwa wimbo, popote alipolala, asikie kwamba ameitwa.